Kimondo Hakina Mwenyewe, Setilaiti Inaye



Wilayani Mbozi, katika kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, limelala pande la chuma lenye urefu wa mita zipatazo 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Tangu mwaka 2016 mahali hapo ni mkoa wa Songwe, ingawa wengi wetu tuliosoma jiografia ya zamani bado tunasema kimondo kipo Mbeya. Wageni walianza kukiandika mwaka 1930, alipokifikia mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wakikifahamu kabla yake, lakini hapana simulizi la mababu linaloeleza siku kilipoanguka, wala hapana shimo lililobaki ardhini, na kwa sababu hiyo wataalamu wanaamini kwamba kilifika zamani mno. Kwa sehemu kubwa ni chuma, na kiasi cha asilimia 8 hivi ni nikeli. Hakuna aliyekituma na hakuna wa kudaiwa.

Tunakitaja kimondo hicho kwa sababu watu wa Nyanda za Juu Kusini wamezoea wazo la kwamba chuma chaweza kutoka mbinguni, na mazoea hayo yanaweza kutupotosha. Siku hizi vingi katika vyuma vizito viangukavyo kutoka juu vinao wenyewe: vilitengenezwa kiwandani, vikapewa namba, vikarushwa na nchi inayojulikana kwa faida inayojulikana. Setilaiti iliyokufa si kimondo. Jambo tunalotaka kulitetea juma hili ni hili: mtu anayeishi chini ya njia ya chombo kinachorudi anastahili kuambiwa mapema, kwa lugha yake, na kuambiwa pia kile ambacho watabiri wenyewe hawakijui, na kikianguka shambani mwake, asikubali kigeuzwe vyuma chakavu kabla mwenye nacho hajajulikana.

Tuanze na namna chombo kinavyorudi. Setilaiti izungukayo karibu na dunia haiko mahali pasipo hewa kabisa. Katika kimo cha kilomita mia kadhaa ipo hewa nyembamba mno, nayo huikwaruza setilaiti kila siku na kuipunguzia kimo kidogo kidogo. Jua linapochafuka, hewa hiyo hupata joto na kutanuka kwenda juu, msuguano ukaongezeka, na chombo kikashuka upesi kuliko ilivyotarajiwa. Jua likitulia, chombo hukawia. Aidha, setilaiti iliyokufa haina wa kuishika usukani, hivyo hupinduka ovyo, mara ikielekeza ubavu mpana mbele, mara ncha. Hakuna anayeweza kukokotoa kwa uhakika jua litafanya nini kesho na chombo kitapinduka vipi usiku huu. Rada hupima kilipo sasa. Hesabu ya kitakapokuwa hubaki ni makadirio.

Wafuatiliaji wana kanuni ya mkato: kosa la utabiri hufikia kama sehemu moja ya tano ya muda uliobaki. Wakisema zimebaki siku 10, wajue wanaweza kukosea kwa siku 2. Wakisema zimebaki saa 10, kosa ni kama saa 2 mbele au nyuma, na katika saa 2 chombo huizunguka dunia yote na kubakiza. Tuupime mwendo huo kwa barabara yetu. Kutoka Mbeya hadi Iringa basi hutumia saa nyingi, likipita Makambako na Mafinga, na abiria hushuka amechoka. Setilaiti iendayo kilomita 7.8 kwa sekunde huikata nafasi iliyopo kati ya miji hiyo miwili, kwa mstari ulionyooka, katika sekunde 35 hivi. Basi yeyote atakayesimama na kudai, siku mbili kabla, kwamba chombo kitaanguka Isimani au Rungwe, huyo hasomi rada; anatunga.

Katika kimo cha kilomita 80 hivi joto na shinikizo hukivunja chombo. Sehemu kubwa huungua. Hubaki vile vilivyo vigumu kuyeyuka, kama matangi ya titani na vipande vya chuma cha pua, navyo husambaa katika ukanda mwembamba unaoweza kufika urefu wa kilomita mamia kadhaa. Mtu aliye chini huona moto unaosafiri karibu sawa na upeo wa macho, wenye vipande vingi vinavyofuatana, ukichukua dakika nzima au zaidi kuivuka mbingu. Kimondo cha kawaida humaliza safari yake kwa sekunde chache. Alama hiyo yafaa kukumbukwa, maana kila moto wa namna hiyo unapoonekana, hawakosekani wahubiri wenye kipaza sauti wa kuutangaza kuwa ni mwisho wa dunia. Sisi tulio na wajibu wa kufundisha habari za mwisho tungewaomba wenzetu hao waiache mabaki ya roketi nje ya mahubiri.

Sasa twende kwenye mfano ambao Afrika ya Mashariki inapaswa kuukumbuka kuliko inavyoukumbuka. Tarehe 30 Aprili 1996 Italia, kwa kushirikiana na Uholanzi, ilirusha setilaiti ya utafiti iitwayo BeppoSAX, jina la utani la mwanafizikia Giuseppe Occhialini likiwa ndani yake. Kazi yake ilikuwa kupokea miali ya eksirei kutoka nyota za mbali, na tarehe 28 Februari 1997 ilisaidia kupatikana kwa mng'ao unaobaki baada ya mlipuko wa miali ya gama, jambo lililowafungulia wanasayansi mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka mingi. Takwimu zake zilipokelewa Malindi, pwani ya Kenya, kila ilipopita, kisha zikapelekwa Roma. Ili kuikinga na mionzi inayoharibu vipimo, waliirusha katika njia iliyolala karibu kabisa na ikweta, mwinamo wake ukiwa nyuzi 3.9 tu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa sayansi. Lakini maana yake ni kwamba, siku ya kurudi, isingeweza kuanguka Roma, wala Amsterdam, wala Moscow. Ingeanguka kwetu, au kwa wenzetu wa ukanda ule ule, au baharini.

Nayo haikuwa na injini ya kuielekeza baharini. Ilizimwa tarehe 30 Aprili 2002, ikiwa na kilo zipatazo 1,400, ikaachwa ishuke yenyewe. Wataalamu wa Italia walikadiria kwamba vipande zaidi ya 40 vingefika chini. Ukanda wa hatari ulikuwa nyuzi 4 na ushei kila upande wa ikweta, ukigusa karibu nchi 40. Chukueni ramani mtazame: Bukoba, Musoma, Mwanza, Arusha na Moshi zilikuwa ndani; Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura na Bukavu zilikuwa ndani; Mombasa ilikuwa ukingoni; na Malindi yenyewe, iliyokuwa ikiisikiliza kwa miaka 6, ilikuwa ndani. Iringa, iliyo karibu na nyuzi 7.8 kusini, na Mbeya, iliyo karibu na nyuzi 9, zilikuwa nje. Mkulima wa Mbeya angeweza kulala. Ndugu yake aliyehamia Mwanza hakuwa na uhakika huo.

Hapa pana jambo ambalo halionekani upesi. Setilaiti ipitayo karibu na ncha za dunia huukuta mji fulani mara chache tu kwa siku, kwa kuwa dunia inageuka chini yake. Hivyo, saa za mwisho zikibaki, wafuatiliaji huweza kuiambia miji mingi kwamba imeepuka, hakuna mpito uliobaki unaowagusa. Kwa setilaiti ya ikweta faraja hiyo haipo. BeppoSAX ilipita juu ya ukanda ule ule karibu mara 15 kila siku. Hadi mzunguko wa mwisho, watu wale wale walikuwa bado chini yake. Tarehe 29 Aprili 2003 iliingia angahewa juu ya Bahari ya Pasifiki, na hakuna aliyeumia.

Tuwatendee Waitaliano haki: hawakuficha. Walitoa makadirio yao na kuyafanya upya kadiri siku zilivyopungua, na nchi husika zilipewa habari kupitia Umoja wa Mataifa na njia za kidiplomasia. Swali letu ni habari hiyo iliishia wapi. Waraka uliofika wizarani kwa Kiingereza haujamfikia mvuvi wa Ukerewe. Njia kutoka ofisi ya balozi hadi kwenye redio ya kijijini ni ndefu kuliko njia kutoka Roma hadi Dar es Salaam, na pengo hilo si la Waitaliano kuliziba. Ni letu. Na halikuwa la mara moja, kwani tarehe 13 Februari 2024 setilaiti nyingine ya Italia, AGILE, iliyorushwa 2007 katika njia yenye mwinamo wa nyuzi 2.5, nayo ilirudi juu ya ukanda huo huo. Tungependa kujua ni wangapi kati ya wasomaji wetu wa Kagera na Kilimanjaro walioambiwa.

Watu wasipoambiwa, hujiambia. Historia yetu inalo funzo la mapema. Mwaka 1962, John Glenn alipoizunguka dunia, mmoja wa vituo vya Marekani vilivyomfuatilia ulikuwa Tunguu, Unguja. Kituo kile kilikuwa cha kusikiliza na kupima tu, lakini wapo Wazanzibari walioamini kwamba ni cha makombora, siasa ikaingia, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Hatusemi kwamba maelezo mazuri yangekiokoa. Mambo ya mwaka ule yalikuwa mazito kuliko antena. Tunasema tu kwamba chombo kisichoelezwa kwa majirani zake hupewa maelezo na majirani hao.

Jambo hilo lilijirudia majuzi jirani yetu. Jumatatu tarehe 30 Desemba 2024, yapata saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Hapana aliyejeruhiwa. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likalizungushia eneo ulinzi, likaichukua pete, na kutoa taarifa kwamba kwa uchunguzi wa awali ni sehemu ya roketi, pete ya kutenganishia. Lakini kabla wino haujakauka, fununu zilikwisha kumtaja mwenye nayo na kiasi cha fidia alichodaiwa, hata shirika likalazimika kukanusha. Lisemwalo lipo, husema wahenga, na kama halipo laja. Safari hii lilikuja kwanza, ushahidi ukafuata nyuma. Wafuatiliaji wa nchi za nje waliolinganisha orodha zao za vyombo nao hawakukubaliana. Wapo wakazi walioomba fidia kwa hofu na hasara. Swali la nani alipe hutanguliwa na swali la kitu hicho ni cha nani.

Sheria ipo, na ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, nchi iliyorusha chombo inawajibika kwa madhara kitakayoyaleta juu ya ardhi, bila mdai kulazimika kuthibitisha uzembe. Dai hupelekwa na serikali kwa serikali, ndani ya mwaka mmoja tangu madhara kutokea au tangu mwenye chombo kujulikana. Tarehe 24 Januari 1978 setilaiti ya Kisovyeti, Kosmos 954, yenye kinu kidogo cha nyuklia, ilisambaa juu ya kaskazini ya Kanada. Kanada ilitumia fedha nyingi kuyatafuta mabaki katika theluji, ikadai dola milioni 6 za Kanada, na mwaka 1981 ikalipwa milioni 3. Ililipwa kwa sababu ilikuwa na vipande mkononi na ilijua vilitoka wapi. Wa Australia walichukua njia ya kuchekesha zaidi: kituo cha Skylab kilipowaangukia tarehe 11 Julai 1979, halmashauri ya Esperance iliiandikia Marekani faini ya dola 400 kwa kosa la kutupa taka, faini iliyolipwa mwaka 2009 kwa mchango wa wasikilizaji wa redio moja ya California.

Sasa tujiulize kingetokea nini kama pete ile ya Mukuku ingeangukia Mufindi au bonde la Usangu. Tunawafahamu watu wetu, na tunaifahamu njaa ya chuma iliyopo. Mnunuzi wa vyuma chakavu ana pikipiki na mizani. Mara nyingi hufika kabla ya polisi. Kilo 500 ni fedha. Kabla ya jua kuzama pete ingekuwa imekatwa kwa gesi, namba zake zikiwa zimepotea, na mwenye shamba lililoharibika angebaki na noti chache mahali pa dai ambalo serikali yake ingeweza kulipeleka kwa nchi tajiri. Tena asingekuwa na haki ya kuuza, maana kwa mkataba wa 1967 chombo hubaki mali ya aliyekirusha hata kikirudi vipande vipande, na kwa makubaliano ya 1968 nchi kilipookotwa hutakiwa kutoa taarifa.

Liko na la afya. Matangi ya titani hufika chini yakiwa mviringo, mepesi, yanayong'aa, na mama wa nyumbani anaweza kuliona moja akadhani limeletwa na Mungu kuwa mtungi wa maji. Ndani yake huenda limebeba haidrazini, mafuta ya vyombo vya angani, ambayo ni sumu kwa kugusa na kwa kuvuta pumzi. Watoto wasiruhusiwe kulisogelea.

Wapo watakaotuambia kwamba kutangaza habari hizi ni kutia watu hofu bure, kwa kuwa hatari ni ndogo mno. Ni kweli ni ndogo. Setilaiti ya Marekani UARS iliporudi Septemba 2011, NASA ilikadiria nafasi 1 kati ya 3,200 kwamba kipande kingempata mtu yeyote miongoni mwa wanadamu wote. Nafasi ya kumpata mmoja wetu kwa jina ni ndogo kiasi cha kutostahili kukosesha usingizi. Lakini hoja hiyo tunaiona dhaifu. Mkulima wa Nyanda za Juu husikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila msimu, anajua kwamba mvua iliyotabiriwa yaweza isije, na bado anapanda. Akili ya kupokea habari yenye shaka anayo. Kinachomtia hofu ni kuuona moto wenyewe bila kuwa ameambiwa lolote.

Isitoshe, safari hii sisi hatuko nje ya ukanda. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa na NASA mwaka 2004 kutafuta milipuko ile ile ya miali ya gama, ambayo nayo imekuwa ikitumia Malindi kupokelea takwimu, ina mwinamo wa nyuzi 20.6, Mbeya na Iringa zote zimo. Uzito wake unakaribia tani moja na nusu na haina injini ya kujiinua. Jua lilipochafuka katika miaka hii, ikawa inashuka upesi kuliko ilivyotarajiwa, na Septemba 2025 NASA iliipa kampuni ya Katalyst kandarasi ya dola milioni 30 kutengeneza chombo kingine cha kwenda kuishika na kuipandisha. Lengo lililotajwa ni kuiokoa sayansi yake, nasi tunaitakia heri. Hata hivyo kila setilaiti, ikipandishwa au isipopandishwa, ina siku yake.

Tungeridhika na tangazo fupi, lisomwe redioni na makanisani na misikitini, lipitie kwa mtendaji wa kijiji na balozi wa nyumba kumi. Liseme ni chombo gani na ni cha nchi gani. Liseme kinatarajiwa kati ya siku ipi na ipi, na kwamba saa haijulikani. Liseme kwamba ukiona moto wenye vipande vingi unaosafiri taratibu, ndicho. Ukikuta kitu shambani usikiguse, weka alama, kaa upande upepo unakotoka, na mwite mtendaji kabla hujamwita mtu wa mizani.